Mgonjwa Naye Ana Neno la Kusema

Ugonjwa wa saratani ukiingia katika nyumba, mambo mawili hutukia. La kwanza laonekana na wote: jamaa huhangaika kutafuta nauli, kitanda cha hospitali, damu na dawa. La pili halisemwi. Watu wa nyumbani huanza kunong'ona. Mgonjwa akiingia barazani, mazungumzo hugeuzwa. Majibu ya daktari huambiwa kaka mkubwa au mjomba, naye mwenye ugonjwa huambiwa tu, “Utapona, usiwaze sana.” Hayo yote hutendwa kwa mapendo, wala hatutaki kumlaumu mtu. Lakini siku zikipita, mgonjwa ajiona amegeuka kuwa mtu wa kulishwa, wa kugeuzwa kitandani, na wa kunyamazishwa.

Wiki hii twataka kuwaeleza wasomaji wetu habari za msaada mmoja unaoweza kumrudishia mgonjwa huyo sauti yake. Waitwa tiba ya sanaa, maana yake ni kumsaidia mgonjwa kwa kumpa karatasi, rangi, kitambaa, uzi au udongo, ili mikono yake ieleze yale ambayo kinywa chake kimeshindwa kuyatamka. Huenda msomaji akacheka na kuuliza, “Mtu anayeumwa hivyo ataanza leo kuchora maua kama mtoto wa shule?” Swali hilo ni la haki. Twaomba atuvumilie hadi mwisho wa somo, kwa kuwa hata sisi zamani tulifikiri hivyo, tena fikra zetu zilimwumiza mtu.

Kosa letu wenyewe

Tulipokuwa tungali wapya katika kazi ya upadre, tulizoea kumpelekea Komunyo mama mmoja mwenye saratani ya mlango wa kizazi. Alikuwa amekwisha kurudi kutoka kwenye matibabu ya mionzi, na nguvu zake zilikuwa zimepungua sana. Hata hivyo kila tulipofika tulimkuta ameegemea mto, miyaa ya ukindu mapajani, akisuka ukili kidogo kidogo. Siku moja tukamwonea huruma. Tukamwambia, “Mama, pumzika sasa. Kazi hiyo wanao wataimaliza.” Binti zake wakaitikia, wakauondoa ule ukili. Mama hakujibu neno. Aligeukia ukutani. Tangu siku ile alikuwa kimya, nasi tukadhani ya kwamba amepata amani.

Baada ya mazishi, binti yake mkubwa alitujia akasema, “Padre, ule ukili ulikuwa wa mkeka wa mjukuu wake, apate kuupigia magoti siku ya Komunyo ya Kwanza. Alipokuwa akisuka alitusimulia mambo ya ujana wake, hata habari za kifo chake. Ulipoondolewa, hakusimulia tena.” Hatukuwa na jibu la kumpa. Tulidhani tumempunguzia mama yule mzigo, kumbe tulikuwa tumemnyang'anya neno lake.

Jambo lilivyoanza

Kazi hii ya kuwafariji wagonjwa kwa sanaa haikuanzia kwenye saratani, bali kwenye kifua kikuu. Mwaka 1938 mchoraji Mwingereza aitwaye Adrian Hill alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu huko Midhurst, kusini mwa Uingereza. Siku zile dawa za kuua vijidudu vya ugonjwa huo zilikuwa hazijapatikana. Wagonjwa waliamriwa kulala miezi mingi, kupumua hewa safi na kungoja. Hill akaona ya kuwa kungoja huko kwaweza kumwua mtu moyo kabla mwili haujafa. Basi akaanza kuchora vitu vidogo vilivyokuwa karibu na kitanda chake. Baadaye akaombwa awafundishe wagonjwa wenzake, na baada ya vita kuanza wakawamo pia askari waliojeruhiwa. Akagundua ya kuwa wengi wao, pamoja na kufurahia rangi, walichora hofu zao na mambo waliyoyaona vitani, ambayo hawakuwa wamemwambia mtu yeyote. Mwaka 1942 ndipo alipoanza kulitumia jina hilo la tiba ya sanaa, na mwaka 1945 akatoa kitabu juu yake.

Tangu wakati ule kazi hiyo imekua ikawa taaluma yenye mafunzo yake. Katika hospitali zilizo nayo, mtu aliyefundishwa huketi na mgonjwa peke yake, au na wagonjwa wachache pamoja. Huwapa vifaa, wala hawaambii wachore nini. Hatoi alama, hasahihishi mistari, hasemi hiki kizuri na kile kibaya. Kazi ikimalizika, mgonjwa akipenda huieleza, asipopenda, huachwa. Basi tofauti yake na darasa la uchoraji ni hii: darasani twatazama picha, hapa twamtazama yule aliyeichora.

Mzee wa mkasi

Mfano ulio bora wa jambo hili hautoki kwa mtaalamu wa tiba, bali kwa mgonjwa mwenyewe, naye ni Henri Matisse, mchoraji mashuhuri wa Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1869. Mwaka 1941, akiwa na miaka 71, alipasuliwa katika mji wa Lyon kwa sababu ya saratani ya tumbo. Baada ya kupasuliwa alipatwa na mabonge ya damu yaliyokaribia kumwua. Masista Wadominiko waliomwuguza walimpa jina la utani, wakamwita mfufuka. Alipona, lakini hakuwa tena mtu yule wa zamani. Hakuweza kusimama kwa muda mrefu mbele ya turubai, na siku zake nyingi alizipitisha kitandani au katika kiti cha magurudumu.

Mtu mwingine angaliweka brashi chini na kungoja mwisho. Matisse alishika mkasi. Wasaidizi wake walipaka rangi karatasi kubwa kubwa, naye akiwa ameketi au amelala alizikata kwa umbo la majani, ndege, nyota na watu, kisha wao walizibandika ukutani kama alivyoagiza. Mwaka 1947 zilitolewa katika kitabu picha 20 zilizotokana na kazi hiyo. Mwili ulikuwa umemfungia mlango mmoja, naye akaupata mwingine uliolingana na nguvu alizobakiwa nazo.

Tena kuna jambo linalotuhusu sisi Wakatoliki. Mwaka 1942 Matisse alitafuta mtu wa kumwuguza usiku, akaja msichana mmoja mwanafunzi wa uuguzi, jina lake Monique Bourgeois. Alimtunza kwa uaminifu, naye mzee akampenda kama mjukuu. Kisha msichana huyo aliingia utawani katika Shirika la Wadominiko, akaitwa Sista Jacques-Marie. Matisse, ambaye hakuwa mtu wa kwenda kanisani, hakupendezwa na uamuzi huo. Lakini baadaye sista alirudi katika mji mdogo wa Vence, alikokuwa akikaa Matisse, na masista wa huko walikuwa na haja ya kikanisa cha kusalia. Sista alimwonyesha mchoro wake wa dirisha, wakazungumza, na mzee akaichukua kazi yote.

Kwa miaka ipatayo minne mzee huyu mgonjwa alikishughulikia kikanisa kile. Alitunga madirisha ya vioo vya rangi tatu: manjano, kijani na buluu. Alichora Mtakatifu Dominiko, na Bikira Maria na Mtoto, na Njia ya Msalaba yenye vituo vyote 14 katika ukuta mmoja, kwa mistari myeusi juu ya vigae vyeupe. Hata mavazi ya Misa aliyatunga yeye. Kwa kuwa hakuweza kupanda ngazi, alifunga makaa ya kuchorea kwenye ncha ya mwanzi mrefu, akachora ukutani. Tarehe 25 Juni 1951 Askofu wa Nice alikibariki kikanisa kile cha Rozari. Matisse hakuweza kuhudhuria, kwa kuwa hali yake haikumruhusu. Lakini alikitaja kuwa kazi yake kuu kupita zote, ijapokuwa aliona ina kasoro. Alifariki Novemba 1954, karibu miaka 14 baada ya upasuaji wake.

Hapa msomaji asikosee. Walioyaokoa maisha ya Matisse mwaka 1941 ni madaktari waliompasua na masista waliomwuguza. Mkasi na karatasi havikuondoa saratani. Lakini kama tukiuliza ni nini kilichoifanya miaka ile 14 iwe miaka ya mtu anayeishi, wala si ya mtu anayengoja kufa, hapo twajibu: mikono yake ilikuwa na kazi, na moyo wake ulikuwa na neno la kusema.

Waganga wamepima

Pengine mtu atasema, “Huyo alikuwa mchoraji tangu ujana. Mimi sijui hata kuchora kuku.” Kwa sababu hiyo yafaa tutazame wagonjwa wa kawaida. Mwaka 2006 yalichapwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali moja ya Chicago, Marekani. Wagonjwa 50 wa saratani waliolazwa walikaa na mtaalamu wa tiba ya sanaa kwa muda wa saa moja. Kabla ya kuanza na baada ya kumaliza waliulizwa habari za mambo tisa, kama vile maumivu, uchovu, wasiwasi, huzuni na hamu ya kula. Katika mambo manane kati ya hayo tisa walionyesha nafuu. Kichefuchefu peke yake hakikubadilika. Lazima tuongeze ya kuwa hapakuwa na kundi jingine la kulinganisha nao, na nafuu yenyewe ilipimwa pale pale.

Mwaka huo huo wa 2006 yalitoka matokeo kutoka Umeå, Sweden. Wanawake 41 wenye saratani ya matiti waliokuwa wakipata mionzi waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilipewa vipindi vitano vya tiba ya sanaa, jingine halikupewa. Wale waliopewa walionekana kuwa na nguvu zaidi ya ndani ya kuyakabili mambo yaliyowapata. Huko Philadelphia, Marekani, wanawake 111 wenye saratani za namna mbalimbali walichunguzwa vivyo hivyo, na wale waliopata wiki nane za sanaa pamoja na mazoezi ya kutuliza fikra walipungukiwa na dhiki ya moyo kuliko wenzao waliokuwa wakingoja zamu.

Uchunguzi huo ni wa watu wachache, wala hautoshi kujibu kila swali. Hakuna hata mmoja kati ya hizo unaosema ya kuwa uvimbe ulipungua kwa sababu ya kuchora. Wasema neno dogo zaidi, lakini lenye thamani kubwa kwa yule asiyelala usiku: hofu yaweza kupungua, na mzigo wa moyo waweza kubebeka.

Kwa nini yawa hivyo?

Sababu ya kwanza ni kwamba maumivu ya mtu si ya mwili peke yake. Bibi Cicely Saunders, daktari Mwingereza aliyefungua mwaka 1967 huko London nyumba ya kuwatunza watu wenye maradhi yasiyopona, alifundisha ya kuwa mgonjwa huumia mwili, huumia moyo, huumia kwa ajili ya jamaa na mali yake, tena huumia rohoni. Maumivu hayo manne yamesukwa pamoja kama nyuzi za kamba moja. Vidonge huutuliza uzi mmoja, nyingine zataka mkono mwingine.

Sababu ya pili ni kwamba kuna mambo yasiyo na maneno. Baba wa nyumba hawezi kuwaambia watoto wake, “Naogopa.” Mama aliyeondolewa titi huona haya kumweleza hata mumewe jinsi anavyojiona. Lakini huyo huyo aweza kuchora mti uliokatwa tawi, akautazama, na akiulizwa kwa upole, “Mti huu ni wa wapi?” akaanza kusema habari za mti, na kumbe asema habari zake. Wahenga walinena ya kuwa mficha maradhi, kilio humwumbua. Nasi twaongeza ya kuwa mficha hofu, usiku humwumbua.

Sababu ya tatu ni uhuru. Mwenye saratani huamriwa mambo yote: saa ya dawa, siku ya mionzi, chakula cha kula na cha kuacha. Akiwa na karatasi mbele yake, achagua mwenyewe kama ni nyekundu au buluu, kama ataanza juu au chini, kama ataichana au ataitunza. Uchaguzi huo waonekana mdogo kwetu tulio wazima. Kwa yule ambaye siku nzima hakuulizwa neno, ni mkubwa.

Nyumbani tufanyeje?

Wataalamu waliofundishwa kazi hii ni wachache, na hospitali zetu nyingi hazinao. Kuketi kwetu na mgonjwa kusiitwe tiba, maana sisi si waganga. Lakini nyumba ya Kikristo yaweza kutenda mambo haya.

Kwanza, tusiinyang'anye mikono ya mgonjwa kazi anayoipenda. Kama ni ukili, na awe na ukili. Kama ni kufuma kitambaa cha meza, kuchonga kijiko, kushona viraka, au kuchora kwa kalamu za rangi za mtoto wa darasa la pili, na afanye kadiri ya nguvu zake. Robo saa yatosha. Akichoka, kazi iwekwe mahali anapoiona, si kufichwa.

Pili, tuwe na busara. Mwenye kupata dawa kali za saratani hupungukiwa na kinga ya mwili. Udongo mbichi na visu vikali vyaweza kumletea madhara, basi aulizwe muuguzi kwanza. Rangi zenye harufu kali huamsha kichefuchefu. Dawa nyingine hutia ganzi vidoleni, na mkono wa upande uliopasuliwa titi huweza kuvimba, kwa hiyo vifaa viwe vyepesi, na kazi isiwe ya kushindana.

Tatu, tusiwe makadhi wa picha. Akichora kaburi, tusimkemee kwa kusema analeta mkosi. Akichora nyumba bila mlango, tusikimbilie kumfasiria maana yake. Tumwombe atueleze, kisha tunyamaze. Asipotaka kuchora kabisa, tusimlazimishe, maana wako wanaofarijika kwa kuimba, na wako wanaofarijika kwa kukaa tu na mwenzao. Na tukiona amezama katika huzuni, halali, hali, ataka kufa, jambo hilo lapelekwa kwa daktari upesi, wala halingoji karatasi.

Nne, na hili twalisema kwa nguvu: mtu asiache hospitali kwa kuwa amepata faraja. Uvimbe, jeraha lisilopona au damu isiyo ya kawaida haufarijiwi kwa rangi. Wengi hufika kwa daktari wakiwa wamechelewa, na machozi ya kuchelewa ni machungu. Sanaa yafuatana na dawa kama mtu afuatanavyo na mwenzake njiani, haishiki nafasi yake.

Kumalizia

Watu husoma Kitabu cha Ayubu wakawalaumu rafiki zake watatu. Lakini wasisahau ya kuwa rafiki hao walianza vema. Walikuja kutoka mbali, wakaketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, kisha wakamwacha Ayubu awe wa kwanza kufungua kinywa. Makosa yao yalianza pale walipodhani kwamba wao wajua zaidi kuliko mgonjwa yale anayostahili kusema.

Kosa hilo ndilo letu pia, mapadre, wazazi na watoto. Twaingia chumbani tukiwa na machungwa, na sala, na maneno mengi ya kutia moyo. Machungwa ni mema, na sala haina badala yake. Kanisa lina Mpako wa Wagonjwa, wala hatuwezi kulinganisha rangi na Sakramenti. Lakini tukimaliza kusali, tukae kidogo. Tutazame kama mikono ya mgonjwa yatafuta kitu juu ya shuka. Tumwulize, “Mama, ungependa nikuletee nini cha kufanya?”

Yule mjukuu alipata Komunyo yake ya Kwanza mwaka uliofuata. Binti yule mkubwa aliumalizia ukili wa mama yake, akaushona ukawa mkeka. Yule aliyetazama kwa makini aliweza kupaona mahali mkono mmoja ulipokomea na mwingine ulipoanzia. Sisi tulipaona. Tangu siku ile tumejifunza kuuliza kabla ya kumwambia mgonjwa apumzike.